Utamu wa Kilifi: Sima kwa mchunga, njia za msituni na majani ya tiba

MGENI anayewasili Malindi kwa mara ya kwanza huelekezwa moja kwa moja ufuoni. Huonyeshwa mchanga mweupe, mashua zenye sakafu ya kioo za kutazamia samaki, na nguzo ya Vasco da Gama, baharia Mreno aliyetia nanga hapa mwaka wa 1498. Jioni hupelekwa katika mkahawa wa Kiitaliano akala piza, na kesho yake akarudi ufuoni. Baada ya juma moja huondoka akiamini kwamba ameiona Pwani.

Alichokiona ni ukingo wake tu. Mwendo mfupi kutoka baharini kuna msitu mkubwa, vijiji vya Wagiriama, Wakauma na Wachonyi, mashamba ya minazi na mikorosho, na vyakula ambavyo havipatikani katika orodha za hoteli za kitalii. Huko ndiko kuliko na Pwani ya pili, ile inayoliwa, inayotembelewa kwa miguu na inayotibu kwa majani.

Wataliano, ambao kwa miaka mingi wamekuwa miongoni mwa wageni wengi zaidi wa Malindi, wanaifahamu raha ya namna hiyo kwao. Katika mabonde ya milima ya Alps, kaskazini mwa nchi yao, watu hutoka mijini mwishoni mwa juma kwenda kutembea milimani, kula chakula cha kijijini na kujifunza mitishamba ya mahali. Chakula kikuu cha wakulima wa huko kwa karne nyingi kilikuwa polenta, yaani unga wa mahindi uliosongwa kwa maji moto. Mpwani akionyeshwa sahani hiyo hatahitaji mkalimani. Ataiita sima.

Mahindi hayo hayakuwa ya Italia, wala hayakuwa ya Kilifi. Yalitoka bara la Amerika, sawa na muhogo, yakaenea duniani baada ya safari za Wareno na Wahispania. Kabla ya hapo sima ya Pwani ilikuwa ya mtama, wimbi na uwele, na hadi leo baadhi ya familia za bara ya Malindi husaga mtama mahindi yanapokosa mvua.

MBOGA CHUNGU ILIYO TAMU

Mwenyeji wa Kilifi akitakiwa kutaja mboga moja ya kwao, wengi watataja mchunga. Wagiriama huuita mutsunga. Ni mmea mdogo wa majani marefu membamba na maua ya manjano, unaojiotea wenyewe mashambani na kandokando ya njia mara tu mvua za masika zinapoanza kunyesha. Hakuna anayeupanda kwa wingi, watu huuchuma.

Kama jina lake linavyodokeza, mchunga ni mchungu. Ndio maana asiyeujua huutema kijiko cha kwanza. Wapishi wa Pwani wana njia mbili za kuupunguza uchungu huo. Ya kwanza ni kuuchemsha na kuyamwaga maji ya kwanza. Ya pili ni kuuchanganya na mboga laini kama vile mchicha au majani ya kunde, kisha kuutia tui la nazi. Hata hivyo, wazee hawapendi uchungu uondolewe wote, kwa kuwa kwao huo ndio unaofungua hamu ya kula na kusafisha tumbo.

Hapa tena mgeni kutoka Alps yuko nyumbani. Majira ya baridi yanapokwisha, wanavijiji wa kule huchuma majani machungu ya ua la manjano la mabondeni, ambalo Waitaliano huliita tarassaco. Wataalamu wa mimea wanaliweka ua hilo katika jamii moja na mchunga. Watu wa mahali pawili wasiowahi kukutana wamejifunza kula majani ya ukoo mmoja, na kwa sababu ileile: huja na msimu, huwa bure, na huwafaa walio na kidogo.

Siri ya jiko la Kilifi, hata hivyo, ni nazi. Hukunwa kwa mbuzi, ile zana ya mti yenye ulimi wa chuma ambayo mpishi huikalia. Machicha hukandwa kwa maji na kukamuliwa. Tui la kwanza huwa zito, la pili na la tatu huwa jepesi. Mboga au samaki hupikwa kwanza kwa tui jepesi hadi waive, na tui zito hutiwa mwisho, moto ukiwa mdogo na mwiko ukiendelea kukoroga. Mpishi asiyekoroga tui lake hukatika, mafuta yakaelea juu na mchuzi ukaharibika.

Kwa tui hilo hupikwa kisamvu, yaani majani ya muhogo. Mboga hii inahitaji uangalifu, kwa kuwa majani mabichi ya muhogo yana sumu. Hutwangwa kinuni hadi yalainike, kisha huchemshwa kwa muda mrefu, sufuria ikiwa wazi ili sumu itoke na mvuke. Utaratibu huo ulijulikana vijijini kabla ya wanakemia kuueleza.

Kuna pia mbaazi za nazi zinazoliwa kwa mahamri asubuhi, muhogo wa nazi, papa mkavu wa mchuzi, na samaki wa kupaka, ambaye huchomwa juu ya makaa huku akipakwa tui zito lililotiwa ukwaju, pilipili na binzari. Katika hori la Mida, karibu na Watamu, kikundi cha wanakijiji wa Dabaso kimejenga mkahawa wa mbao juu ya mikoko, na wageni hufuata sambusa za kaa wanaofugwa papo hapo. Mkoko ukikatwa, kaa hawana pa kuishi, na mkahawa huo hauna cha kuuza.

Matunda nayo yana msimu wake. Kuna mabungo yanayokamuliwa maji ya kunywa, kunazi, zambarau, fuu na ukwaju. Kuna mabibo, tunda la mkorosho ambalo wageni hulitupa wakitafuta korosho peke yake. Juu ya yote kuna ubuyu. Unga mweupe unaozunguka mbegu zake una ukali wa kupendeza na vitamini C kwa wingi. Watoto wa Pwani wameumung'unya kwa vizazi vingi, ukiwa umetiwa sukari na rangi nyekundu. Umoja wa Ulaya uliruhusu unga huo uuzwe kama chakula katika nchi zake mwaka wa 2008.

Mnazi wenyewe hutoa kinywaji. Mgema hupanda asubuhi na jioni, akakata ncha ya kole na kukinga utomvu. Ukinywewa mapema huwa mtamu. Ukikaa hadi jioni huwa mkali. Miongoni mwa Wamijikenda tembo hilo haliwi la ulevi pekee. Hutolewa katika mahari, humiminwa chini kwa ajili ya koma, yaani mizimu ya ukoo, na huwekwa mbele ya wazee wanaposuluhisha ugomvi.

NJIA ZA MSITUNI

Anayetaka kutembea ataanzia Arabuko-Sokoke. Msitu huu una ukubwa wa kilomita mraba zipatazo 420 na unapakana na barabara ya Mombasa kwenda Malindi. Ndio mkubwa kuliko yote iliyosalia ya aina yake katika pwani ya Afrika Mashariki. Kituo chake kikuu kipo Gede, kiasi cha kilomita 16 kusini mwa Malindi, ambako matatu husimama kila mara.

Ndani yake kuna misitu mitatu iliyounganishwa. Upande wa mashariki kuna msitu mchanganyiko, wenye mibambakofi, mti ambao mbao zake zilichongwa milango ya nyumba za Waswahili. Katikati, kwenye mchanga mweupe, kuna mirihi iliyoachana, na jua hupenya hadi chini. Magharibi, penye udongo mwekundu, kuna vichaka vizito. Humo huishi bundi mdogo wa Sokoke, ambaye wataalamu walimtambua mwaka wa 1965, pamoja na sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu. Ndovu nao wamo, na kwa sababu hiyo haifai kuingia bila mwelekezi.

Waelekezi hao ni wenyeji waliopata mafunzo. Mwendo mzuri huanza saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya jua kuwa kali na ndege wakiwa bado wanalia. Mgeni anahitaji viatu vilivyofunika kidole, maji ya kutosha na nguo ya mikono mirefu kwa ajili ya mbu. Miezi ya masika, Aprili hadi Juni, njia huwa na matope, lakini ndiyo miezi ambayo mboga na majani ni mengi zaidi.

Kutoka msituni ni mwendo mfupi hadi magofu ya Gede, mji wa Waswahili uliohamwa karne ya 17 na kumezwa na miti. Mwanaakiolojia James Kirkman aliyafukua kuanzia mwaka wa 1948, na mwaka wa 2024 shirika la Unesco liliyaingiza katika orodha ya turathi za dunia. Atembeaye humo huona visima, misikiti, na nyumba zenye vyoo na mashimo ya maji, na miti mikubwa iliyokalia kuta.

Kaskazini-magharibi mwa Malindi kuna Marafa, bonde la miamba ya rangi nyekundu, nyeupe na njano lililochimbwa na mvua. Wenyeji huliita Nyari. Husimuliwa kwamba hapo paliishi ukoo uliokuwa na ng'ombe wengi kupita kiasi, hata wakawa wanaoga kwa maziwa ilhali majirani wana njaa. Mungu akakasirika na ardhi ikawameza. Wanajiolojia hueleza habari ya mmomonyoko wa udongo, lakini hadithi hiyo inaeleza jinsi wenyeji wanavyokiangalia chakula.

Mwendo wa namna nyingine ni ule wa kwenda kaya. Kaya ni makao ya kale ya Wamijikenda, yaliyojengwa kwa ngome katikati ya msitu. Watu walihama humo pole pole, lakini msitu ukabaki mtakatifu. Unesco iliingiza misitu hiyo katika orodha ya turathi za dunia mwaka wa 2008, na mwaka uliofuata ikaziorodhesha mila za kaya miongoni mwa zile zinazohitaji kulindwa kwa dharura.

Kaya haiingiwi kama bustani. Mgeni huomba ruhusa kwa wazee, hufuata njia anayoonyeshwa, hapigi picha bila kibali, na hakati hata kijiti. Katazo hilo lililowekwa kwa heshima ya mababu ndilo lililohifadhi miti ambayo mahali pengine iliishia tanuri za makaa.

MAJANI YENYE TIBA

Mwelekezi mwenyeji hutembea polepole, kwa sababu kila baada ya hatua chache ana jani la kuonyesha. Hiki ni kivumbasi, hufukizwa ndani ya nyumba kuwafukuza mbu. Huu ni mjafari, wenye miiba kama vifungo, maganda yake huchemshwa kwa ajili ya homa. Huu ni mshubiri, utomvu wake hupakwa penye kidonda. Nyumbani, karibu na jiko, kuna mchaichai wa chai na mrehani wa harufu.

Mti maarufu kuliko yote ni mwarobaini, unaoaminiwa kutibu maradhi arobaini. Nchini Tanzania wapo wanaouita mkilifi. Pamoja na umaarufu wake, mti huu ni mgeni. Asili yake ni Bara Hindi. Umezoea Pwani kiasi kwamba umeota hadi ndani ya misitu, na wahifadhi wengine wanauona kama mvamizi.

Lakini mwarobaini umeusaidia msitu kwa njia isiyotarajiwa. Wachongaji wa vinyago walikuwa wakitumia mihuhu na mipingo, miti inayokua polepole mno, hadi ikaanza kwisha Arabuko-Sokoke. Kuanzia miaka ya 1990 walihimizwa kuchonga mwarobaini, unaokua haraka na kupatikana mashambani. Mgeni anayenunua kinyago cha mti huo ananunua pia nafasi ya muhuhu kuendelea kusimama.

Kuhusu tiba yenyewe, ni muhimu kutofautisha mambo mawili. Majani ya kufukuza mbu au ya kutuliza tumbo ni jambo moja. Malaria, ambayo huua mtoto kwa muda wa siku chache, ni jambo lingine. Mafuta ya mwarobaini yakinyweshwa mtoto mchanga yanaweza kumtia degedege na hata kumuua, na mja mzito hashauriwi kunywa dawa za mti huo. Mwenye homa anastahili kupimwa hospitalini na kumaliza dozi aliyopewa.

Hilo halimaanishi kuwa elimu ya majani ni ya kudharauliwa. Dawa kuu ya malaria inayotumika leo, artemisinini, ilitokana na mmea uliotumiwa na waganga wa Uchina tangu zamani, na mtafiti Tu Youyou aliyeigundua alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2015. Kabla yake kulikuwa na kwinini, iliyotoka katika maganda ya mti wa Amerika Kusini. Jani lilionyesha njia. Maabara ikapima kiasi, usalama na nguvu. Mjini Kilifi kwenyewe, Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu (KEMRI) na washirika wake wamekuwa wakiuchunguza ugonjwa huo tangu mwaka wa 1989.

Serikali pia imeanza kuitambua elimu hiyo. Sheria ya mwaka wa 2016 inalinda maarifa ya jadi, ili asitokee mtu wa mbali akayachukua na kuyauza bila jamii kunufaika. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 nayo inatambua tiba za jadi na kutaka zisimamiwe.

KINACHOWEZA KUPOTEA

Sahani, njia na jani vinategemea vitu viwili: msitu uliosimama na wazee wanaoufahamu. Vyote viwili vimo hatarini.

Mapema katika miaka ya 1990, uchunguzi ulionyesha kwamba wengi wa wakazi wanaopakana na Arabuko-Sokoke walitaka msitu ukatwe ili wapate ardhi ya kulima. Hawakuwa wakorofi. Ndovu walikula mahindi yao, na msitu haukuwapa chochote kwa njia halali. Mwaka wa 1993 ukaanzishwa mradi wa Kipepeo pale Gede. Wakulima hufuga viwavi wa vipepeo na kuuza mabuu kwa maonyesho ya ng'ambo. Kuanzia mwaka wa 2001, mpango mwingine umetumia fedha za wageni wanaotembelea Mida na Arabuko-Sokoke kuwalipia karo wanafunzi wa sekondari. Anayepata karo ya mwanawe kutokana na msitu ana sababu ya kuulinda.

Hata hivyo makaa, mbao na njaa ya ardhi havijakoma. Mwaka wa 2022 Wakenya walishtuka kuona mibuyu mikubwa ya Kilifi iking'olewa mizimamizima ili isafirishwe hadi Georgia, nchi iliyo ukingoni mwa Bahari Nyeusi. Wenye mashamba walilipwa, na kwa aliye na dhiki fedha hizo hazikuwa kidogo. Mnamo Novemba mwaka huo Rais William Ruto aliamuru vibali vya shughuli hiyo vichunguzwe. Mbuyu unaozaa kila mwaka kwa mamia ya miaka ulikuwa umeuzwa mara moja tu.

Hatari ya pili ni ya kusikitisha zaidi. Kwa miaka mingi katika Kaunti ya Kilifi wazee wamekuwa wakiuawa kwa tuhuma za uchawi. Mara nyingi nyuma ya tuhuma hizo huwepo ugomvi wa shamba, na mvi na macho mekundu ya aliyepikia kuni maisha yake yote hugeuzwa ushahidi. Wengine wamelazimika kukimbilia kituo cha kuwahifadhi kilichoko Kaya Godoma, eneo la Ganze. Wazee hao ndio wanaojua tofauti ya jani linaloponya na linaloua, na mahali mchunga unapoota kwanza. Kijana anayemfukuza babu yake shambani humfukuza na mwalimu.

Mgeni hawezi kuyatatua haya kwa ziara ya siku mbili, lakini anaweza kuchagua fedha zake ziende wapi. Akimwajiri mwelekezi wa kijiji, akala mahali panapopikwa mboga za mahali, akanunua asali ya wafugaji nyuki wanaopakana na msitu na kulipa ada ya kaya mikononi mwa wazee wenyewe, anaongeza thamani ya kilichosimama kuliko kilichokatwa.

Wakenya nao wasisubiri kufundishwa utamu wa kwao na wageni. Familia inayosafiri kutoka Nairobi au Mombasa kwa likizo inaweza kutenga asubuhi moja tu: saa kumi na mbili msituni, saa nne magofuni, na saa saba kwenye mkeka, sima ikiwa katikati na bakuli la mchunga wa nazi kando yake. Watoto huenda wakaukunjia uso uchungu wa kwanza. Wakiulizia jina la mboga hiyo na mahali ilipochumwa, mzee aliyeichuma atakuwa na la kuwaeleza.